Kupeleka Pole Marlowick

Ndugu zangu wa kwaya,

Tangu nirudi, wengi wenu mnanishika mkono baada ya ibada na kuniuliza, "Bahati, ilikuwaje kule?" Nanyi mnanijua. Nikiulizwa na watu watatu kwa pamoja, maneno yananikimbia, nabaki kucheka tu. Ndiyo maana nimeandika. Imenichukua Jumapili tatu. Habari za tiketi na karatasi nimeziacha. Zilinichosha mara moja, inatosha.

Kwa walioingia kwaya juzijuzi, naanza na Nyanya Esta, mama mzaa baba yangu. Alizaliwa kwetu, Kongo ya mashariki, karibu na ziwa. Mama yake alikufa akimzaa. Kwenye misheni alikuwako nesi Mwingereza ambaye watu walimwita Mama Ruta. Huyo ndiye aliyemchukua Nyanya, akamlea kwa maziwa ya chupa, akamfundisha kusoma, akamchapa alipokosa. Nyanya alipofika miaka kumi na mmoja hivi, vita vya waasi vilikuja, wazungu wakaondolewa kwa mashua, na wawili hao hawakuonana tena. Nyanya alibaki na jina la kijiji cha Mama Ruta kule Uingereza kichwani: Marlowick.

Mwaka jana Mama Neema, yule nesi Mtanzania wa Lakeville, alikitafuta kijiji hicho kwenye simu yake. Akakuta picha ya jiwe la kaburi. Mama Ruta alikuwa amefariki zamani, kabla mimi sijazaliwa. Nyanya aliitazama picha mpaka simu ikajizima. Kisha akasema, "Mama amekufa, na mimi sijampa mtu pole."

Kwetu pole ya msiba haitumwi kwa kadi, wala haiwekwi juu ya kaburi. Unakwenda mpaka kwenye nyumba ya msiba, unakaa, unangoja, na mfiwa anaipokea kwa mkono wake. Asipoipokea mtu, bado unayo, unatembea nayo. Nyanya husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, hawezi kupanda ndege. Mimi ndiye mjukuu ninayekaa naye. Akaniambia, "Nenda weye. Utafute mtu wa Mama, umpe pole mkononi. Nisife nayo."

Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyonipandisha ndege.

Kutoka Cedar-Riverside hadi uwanja wa ndege

Niliondoka mtaani kwetu, hapa Minneapolis, Jumatatu moja ya mwezi wa nne, na theluji ilikuwa imerudi kana kwamba ilisahau kitu. Nyanya alikuwa amefunga mzigo tangu juzi yake: kilo tano za unga wa mahindi, sukari, majani ya chai, vyote vimefungwa ndani ya kitenge kipya. Alitaka kuongeza ndagala.

"Bibi," Mama Neema akamwambia, "hao samaki watamrudisha huyu kijana kabla hajafika."

"Sasa mtu aende kwenye msiba mikono mitupu?"

"Hana mikono mitupu. Ana unga wa kulisha kijiji."

Ndagala walibaki. Lakini Nyanya alikataa unga kuwekwa kwenye sanduku la chini ya ndege. Chakula cha msiba hakiwekwi chini ya miguu ya watu, alisema. Nikakibeba mkononi.

Treni ya mjini ilisimama dakika arobaini kwa ajili ya barafu kwenye reli. Nilipofika kwenye ukaguzi nilikuwa natokwa jasho ndani ya koti. Mkaguzi mmoja, mtu mnene mwenye ndevu, alifungua kitenge akatazama mifuko ile ya unga mweupe. Kisha akanitazama mimi.

"Hii nini?"

"Unga. Wa chakula."

"Kilo tano?"

"Kuna msiba."

Uso wake ukalainika. "Oh, pole sana. Nani amefariki?"

"Mama wa nyanya yangu."

"Lini?"

Mimi kusema uongo siwezi, hata pale unaponifaa. "Kabla sijazaliwa," nikasema.

Akamwita mwenzake. Walipangusa mifuko kwa kitambaa kidogo, wakakitia kwenye mashine, mashine haikulia. Watu nyuma yangu walikuwa wanahema kwa hasira. Yule mwenye ndevu akanifungia kitenge mwenyewe, fundo zuri kabisa, akasema, "Nenda, kijana. Natumaini bado watakuwa na njaa."

Chicago, nilipokaa siku nzima

Theluji ilituchelewesha, na ndege ya London ilikuwa imeondoka tulipotua. Nikaambiwa ningoje mpaka kesho yake jioni. Nilitafuta kiti karibu na dirisha, nikaweka unga mapajani.

Asubuhi, dada mmoja aliyekuwa akisukuma gari la usafi alisimama mbele yangu. "Hicho kitambaa nakijua," alisema kwa Kiswahili. "Wewe ni wa wapi?"

Jina lake Wanjiku, Mkenya.

"Umemisi ndege? Pole. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Kaa hapo, usihame."

Wakati wa mapumziko yake alirudi na chapati mbili na ndengu kwenye kopo la plastiki. Nilikula kwa haraka, hata aibu niliisahau. Akaniuliza habari za safari, nami nikamweleza kidogo kidogo, kwa maana alikuwa anajua kungoja jibu. Nilipofika kwenye habari ya pole, alijishika mdomo.

"Wuu! Pole ya miaka yote hiyo? Si imeshaoza?"

"Haiozi."

"Na ukifika ukose mtu? Hao watu huhama, huuza nyumba. Utampa nani hiyo pole, kondoo?"

Alicheka mpaka akapiga goti lake, na mimi nikacheka naye. Lakini alipoondoka, neno hilo lilibaki nami kwenye kiti. Sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Nilikuwa nimefikiri kwamba nyumba ya msiba daima ina mtu.

Kabla ya kumaliza zamu alipita tena. "Bahati, sikiza. Huko usinyamaze vile unanyamaza hapa. Hawa watu hawajui kile unataka mpaka ufungue mdomo. Sawa?"

"Sawa."

Nilisema sawa, lakini mtaona.

Gari moshi la kwenda magharibi

Kutoka London nilipanda gari moshi linalokwenda upande wa Wales. Niliingia nikawasalimu watu wa behewa lote, kwa sauti ndogo, kama mtu anavyoingia mahali. Hakuna aliyejibu. Mama mmoja alitoa vitu vya masikioni akaniuliza kama kuna hatari. Nikakaa.

Baada ya saa mbili gari likasimama katikati ya mashamba. Sauti ikatangaza kwamba mti umeanguka kwenye reli na kwamba wanaomba radhi. Hapo ndipo watu walipoanza kuzungumza! Yule mama akatoa mkate uliotiwa vipande vyembamba vya tango, akanipa nusu, akaniambia habari za reli tangu utoto wake. Mzee wa upande wa pili akasema mbaya zaidi ilikuwa mwaka wa mafuriko. Tulikaa pale kama ndugu. Gari lilipoondoka tena, wote wakanyamaza kama mtu amezima redio.

Jambo jingine, hawa watu wanaombana msamaha sana. Mtu alinikanyaga, nikasema samahani, naye akasema samahani, nikasema samahani tena. Tungeendelea mpaka mwisho wa reli.

Njia iliyozama

Nilishuka kwenye mji mdogo wenye soko, nikauliza basi la Marlowick. Mwanamke wa dukani akasema liko Jumanne na Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nikatwika unga kichwani nikaanza kutembea.

Sijawahi kuona njia kama ile. Imezama chini kuliko mashamba, kwa hiyo unatembea kana kwamba uko ndani ya mfereji, na kingo zake zimejaa maua madogo ya njano. Unasikia kondoo juu ya kichwa chako na huwaoni. Baadaye niliambiwa kwamba haikuchimbwa na mtu. Imezamishwa na miguu tu, ya watu na ng'ombe na magurudumu, miaka mia na mia nyingine.

Mkulima mmoja aliyekuwa na gari la kubebea wanyama alinikuta, akasimamisha. Alitazama mzigo kichwani mwangu kwa muda.

"Unapiga kambi?" akauliza.

"Hapana. Nakwenda kwenye msiba."

"Marlowick? Nani kafa?" Alishtuka kweli. "Hakuna aliyeniambia!"

Nilipomtajia jina la Ruth Tanner, kwa maana ndilo lililoandikwa kwenye jiwe, aliniambia nipande, akanyamaza mpaka tulipofika. Nadhani alikuwa anahesabu miaka.

Benchi la mlango wa buluu

Marlowick ni nyumba arobaini hivi, kanisa la mawe, ukumbi mdogo wa kijiji, na pampu ya maji ya chuma ambayo haitoi maji tena lakini inapakwa rangi kila mwaka. Nilikuwa nimekodi chumba kwa Mama Joan, mwalimu mstaafu, mjane, mwanamke wa kutembea haraka. Alinifungulia mlango akasema, "Ingia, mpenzi, umelowa." Masikio yaliniwaka. Kisha nikasikia akimwita mleta barua mpenzi, na paka pia, nikatulia.

Nilimwuliza nyumba alimozaliwa Mama Ruta. Akanionyesha dirishani: ile yenye mlango wa buluu, nyuma ya pampu. Alitaka kuniuliza zaidi, lakini mimi nilikuwa nimeshapanda ngazi kwa aibu.

Alhamisi asubuhi nilioga, nikavaa shati jeupe, nikaenda. Mbele ya mlango wa buluu kulikuwa na benchi. Nikafanya kama tunavyofanya. Hubishi hodi kwenye nyumba ya msiba na kuanza kupayuka. Unakaa nje kimya, na wenye nyumba wakikuona wanatoka kukupokea. Nikaweka unga kando yangu, nikainamisha kichwa.

Nilikaa karibu saa nzima. Pazia likafunguka, likafungwa. Likafunguka tena. Mwishowe akatoka kijana wa kiume aliyevaa nguo za kukimbilia.

"Umetuletea sisi?" akauliza, akionyesha unga.

Moyo wangu ukaruka. "Ndiyo," nikasema. "Ni wenu."

"Safi sana. Asante!" Akaubeba mzigo wote, akaingia, akafunga mlango.

Mimi nikabaki benchini. Nilijua kupokewa kuna hatua zake, nikadhani amekwenda kuwaita wazee. Robo saa baadaye akatoka mke wake na mzigo wa kitenge mkononi, uso umemwiva.

"Samahani, sisi hatukuagiza hiki. Tuliagiza chakula cha mbwa."

Ndipo Mama Joan alipovuka barabara kwa ile miguu yake ya haraka. Alikuwa ameona yote dirishani. Akazungumza nao, nao wakaomba msamaha, nami nikaomba msamaha, mnajua tena. Wale vijana walikuwa wamenunua nyumba ile miaka miwili iliyopita. Hawakuwahi kusikia jina la Mama Ruta.

Jikoni kwake Mama Joan alinimiminia chai, akaniketisha. "Sasa niambie polepole. Umekuja kumtafuta nani?"

Nikamwambia. Kwa Kiingereza changu ilichukua chai mbili.

Akatikisa kichwa. "Mpenzi, hakuna. Alikuwa na kaka mmoja, naye alikufa kabla yake. Hakuolewa. Hakuna Tanner hata mmoja aliyebaki hapa."

Nilimpigia Nyanya simu. Kule kwetu ilikuwa alfajiri, na yeye huamka mapema kusali. Nilitaka kumwambia kwa upole lakini sauti ikatoka kama ya mtoto. "Nyanya, hakuna mtu. Nyumba imeuzwa. Hakuna wa kupokea."

Hakukata simu. Nilisikia tu saa yake ya ukutani, ile ya jikoni kwetu. Kisha akauliza, "Nani alimzika?"

"Sijui."

"Hakujizika, si vile? Kuna mtu alichukua jembe. Mwenye jembe ndiye wa kupewa pole. Umtafute."

Mzee Arthur

Mwenye jembe alikuwa hai. Mama Joan alinipeleka Ijumaa kanisani na kunionyesha kwa kidole: mzee mrefu mwenye kofia, akikata majani kati ya makaburi. Yeye na baba yake walichimba makaburi ya kijiji, na baba wa baba yake pia. Ufunguo wa kanisa uko kwake.

Mzee Arthur si msemaji. Mimi pia si msemaji. Tulisimama mbele ya kaburi la Mama Ruta muda mrefu bila neno, na nilijisikia vizuri kuliko siku zote za safari. Kisha akasema, "Unataka kuona ndani?"

Alinionyesha kanisa kama mtu anayeonyesha nyumba yake. Nguzo yenye mikwaruzo, mahali ambapo wanaume wa zamani walinolea mishale. Alama ndogo ndogo kwenye mawe, kila fundi na alama yake. Ubao wa majina ya vijana kumi na mmoja waliokufa vitani, na watatu kati yao ni wa nyumba moja. Vitabu vya ubatizo vimehifadhiwa mjini, alisema, lakini yeye mwenyewe amewahi kuona jina la babu wa babu wa babu yake. Na kila mwaka, kabla ya kiangazi, kijiji kizima huzunguka mpaka wake kwa miguu, wazee na watoto, jiwe hadi jiwe, ili mtu asisahau nchi yao inaishia wapi.

Nilifikiri juu ya hilo sana. Sisi mpaka wetu tuliuona mara moja, tukiuvuka mbio na godoro kichwani kwenda kambi ya wakimbizi.

Tulipotoka nje nilikusanya nguvu zangu zote. Nikamwambia habari ya Nyanya, na desturi yetu, na kwamba pole hiyo ni yake yeye aliyemzika. Nikanyoosha mikono yote miwili.

Mzee Arthur aliitazama mikono yangu. Akaweka yake mfukoni.

"Hapana, kijana," akasema. "Mimi nilichimba tu. Sikuwa ndugu yake. Siwezi kuchukua kitu kisicho changu."

Hakusema kwa ubaya. Lakini alirudi kwenye majani yake, na mimi nikarudi kwa Mama Joan, nikalala mchana nimefunika uso.

Jumamosi, ukumbini

Jumamosi ile ilikuwa siku ya kijiji kuonyesha historia yake. Hufanya hivyo kila majira ya kuchipua. Wanapanga meza ukumbini, picha za zamani, zana za shamba, kofia ya askari, ramani, na kila kitu kina kadi iliyoandikwa na Mama Joan kwa mwandiko wa kiualimu. Kuna keki nyingi ajabu.

Mama Joan alikuwa amenigongea mlango asubuhi. "Huo unga umekuja kutoka Amerika kulala chumbani? Jiko la ukumbi lina sufuria kubwa. Amka."

Nikapika ugali, pamoja na maharage na kabichi alivyonipa yeye. Kusonga ugali mbele ya wanawake sita wa Kiingereza ni kazi. Mmoja aliniuliza kama nachanganya saruji. Lakini walikula! Yule kijana wa mlango wa buluu alirudi mara mbili. Mkulima wa gari la kondoo aliutazama, akaumega, akatafuna, akasema, "Unajaza," na kwa mkulima wa kule hiyo ni sifa.

Baada ya chakula nilizunguka meza. Karibu na dirisha nikaona picha ya Mama Ruta amesimama na baiskeli. Kadi yake niliisoma polepole, mstari kwa mstari. Ilisema alizaliwa Marlowick, alikuwa nesi Afrika, alirudi nyumbani akatembelea wagonjwa mpaka uzee wake. Mstari wa mwisho ulisema: Hakuolewa, na hakuacha mtoto.

Watu walikuwa wengi ukumbini, wanacheka, vikombe vinagongana. Mimi sijui nilipata wapi ile sauti.

"Aliacha," nikasema.

Vichwa vikageuka.

"Aliacha mtoto. Anaitwa Esta. Yuko hai. Yuko Minneapolis."

Nilitamani sakafu inimeze. Mama Joan akaja polepole safari hii, akaisoma kadi yake kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Nyuma yake alikuja Mzee Arthur, kofia kichwani.

"Anaweza kuzungumza?" akauliza. "Huyo Esta. Sasa hivi?"

Kwetu ilikuwa saa tatu asubuhi. Nyanya akatokea kwenye simu, kitambaa kichwani, amekaa karibu na dirisha. Nikaisimamisha simu juu ya meza, kando ya picha. Watu wakavuta viti. Mzee Arthur akakaa mbele, magoti yake yakigusa meza. Na mimi nikawa katikati, mdomo wa wote wawili.

"Huyu ndiye mwenye jembe?" Nyanya akauliza.

"Ndiye."

"Mwambie anieleze. Alikufaje? Nani alikuwako? Mvua ilinyesha?"

Mzee Arthur akaeleza. Mama Ruta alianguka bustanini mwezi wa kumi, akaishi siku nne. Mama Joan alikuwa akimlisha supu. Siku ya kuzika ilikuwa kavu, upepo tu. Walikuwa watu saba. Kila alipotua nilitafsiri, na nilipokosa neno nilingoja mpaka likaja, na hakuna aliyenikimbiza.

Kisha Nyanya akauliza lile ambalo nadhani alikuwa nalo tangu mashua ile. "Mwulize kama alitaja jina langu."

Nikauliza. Mzee Arthur alifikiri kwa bidii, unaona kabisa anatafuta.

"Hapana," akasema. "Pole. Sikumsikia akitaja jina la mtu yeyote wa huko."

Ndugu zangu, hapo nilishikwa. Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ukumbini ambaye angejua. Nyanya alikuwa ananitazama mimi, si yeye. Nikamjibu, "Anasema hapana, Nyanya. Hakumsikia."

Nyanya akatikisa kichwa kidogo. "Njo vile, ndiyo hivyo. Alikuwa mtu wa kufunga mdomo. Mimi nikizungumza na chakula kinywani, alinipiga kijiko." Na akacheka, na walionizunguka wakacheka kabla sijatafsiri.

"Lakini alikuwa na mambo yake," Mzee Arthur akaendelea. "Ukimtembelea, ukiondoka, alitoka nawe. Mvua, baridi, alivaa viatu akatembea nawe mpaka nusu ya njia yako, ndipo akarudi. Kila mtu, kila mara. Sisi tulidhani akili inaanza kumpotea. Anasahau kwamba nyumba ni yake."

"Na salamu," akasema Mama Joan. "Alikusimamisha barabarani akauliza habari za mama, za watoto, za kuku. Ulikuwa unachelewa kazini."

Nilipomaliza kutafsiri, Nyanya alikuwa ameinuka kwenye kiti. "Waambie hakupotea akili! Mgeni anasindikizwa. Ni sisi tulimfundisha hayo. Alipokuja kwetu alikuwa anafunga mlango mgeni akiwa bado kizingitini. Wamama wa misheni walimsema mpaka akajua. Waambie ni sisi!"

Nikawaambia ni sisi. Mama Joan alikuwa ameshika kalamu, machozi yanamtoka, anaandika nyuma ya kadi.

Mzee Arthur aliitazama ile picha ya baiskeli. Kisha akanigeukia. "Nataka ulieleze hili vizuri," akasema. "Kwetu mazishi yakiisha, watu wa familia husimama mlangoni pa kanisa, na kila mmoja wetu huwapa mkono. Siku ile hakusimama mtu. Tulitoka tu, kila mmoja akaenda kwake. Nilijiambia ni sawa, maana mikono yangu ilikuwa na udongo. Lakini haikuwa sawa. Haijawa sawa mpaka leo."

Akavua kofia. Akainama mbele ya ile simu ndogo mpaka uso wake ukaijaza.

"Pole sana, Esta," akasema, "kwa kufiwa na mama yako."

Sikuhitaji kutafsiri. Nyanya alifunika mdomo kwa ncha ya kitambaa. Mabega yake yalitikisika. Tangu nizaliwe sijamwona Nyanya akilia, si kambini, si uwanja wa ndege, si hospitali. Sisi sote ukumbini tulikaa tu. Hakuna aliyemwambia anyamaze, na hilo liliniambia kwamba watu hawa pia wanajua kukaa msibani.

Alipopata sauti akasema, "Nimepoa, baba. Aksanti. Na weye pole. Umemlinda Mama kwa miaka yote hii."

Mzee Arthur akatazama kwangu, akanyoosha mikono yake yote miwili, mikubwa kama majembe, na safari hii akaipokea ile pole.

Nyumbani

Kurudi kulikuwa kwepesi, hakuna la kueleza, isipokuwa kwamba niliondoka na keki ya kilo mbili na wakaguzi hawakuifungua.

Jumanne mchana nilishuka treni Cedar-Riverside, nikapanda lifti. Kwenye korido nikaona viatu. Viatu vingi, vya wanaume na wanawake na watoto, vimepangwa kutoka mlangoni kwetu mpaka kwa jirani Msomali. Nikasimama. Nikafikiri, amekufa nikiwa angani.

Nikausukuma mlango. Wengine mlikuwamo, mtakumbuka. Makochi yamesukumwa ukutani, watu wamekaa chini, kwenye jiko sufuria tatu, Mama Neema anamimina chai. Na katikati, juu ya mkeka, mahali pa mfiwa, alikuwa Nyanya Esta mwenyewe, mzima, amejifunga kitenge, anapokea mikono ya watu mmoja mmoja. Mama yake alikuwa amekufa, hatimaye, na watu walikuwa wamekuja.

Sikujua nifanye nini. Nilikuwa na begi mgongoni na nilitaka kumkumbatia. Lakini kulikuwa na foleni. Nikavua viatu, nikasimama nyuma ya mzee wa kanisa, nikangoja zamu yangu. Ilipofika nikapiga magoti, nikampa mikono miwili.

"Pole, Nyanya."

"Nimepoa, mjukuu wangu," akasema. Hakuniachia mkono. Alinivuta nikakaa kando yake, kwenye mkeka wa wafiwa, akawaambia watu wanyamaze kidogo. "Huyu ndiye aliyekuwa kule. Bahati, sema kwa sauti, wa jikoni wasikie."

Nikaanza kusema.